Kijani cha Saa Mbili

Chamazi
Jumatatu, 6 Mei 2024

Shoga yangu Felicitas,

Usishtuke kupata karatasi, simu sijaibiwa. Ninayo, tena mpya, kubwa kama kibao cha kusukumia chapati. Tatizo ndiyo hiyo simu yenyewe. Muhannad amekuja kutoka Mwanza, kakaa siku chache, kaniachia simu na mashine ya kupimia presha, na vyote viwili kaviunganisha kwa programu ya afya ambayo hata jina lake sijalishika. Asubuhi nafunga kile kitambaa mkononi, kinavimba, kinanibana, kinatoa pumzi, halafu namba zinakimbilia zenyewe kwenye simu. Ikifika saa mbili, simu inampelekea Muhannad kipimo cha mwisho. Kikiwa kijani, mama mzima. Kikiwa chekundu, anapiga hapo hapo, na daktari wa humo kwenye programu naye anapiga. Ni jambo zuri, sikatai. Lakini kaniambia pia, "Mama, na meseji zako nazipata kwangu, usipate shida." Sasa shoga, mie nikitaka kumsema mkewe nitamsemea wapi? Ndiyo nimerudi kwenye kalamu. Elinaza jirani yako si karani wa ofisi ya kata huku kwetu? Atakuwa anatubebea.

Jingine halichekeshi. Muhannad kaapa kwamba nikitoa nyekundu tena anakuja kufunga duka na kunihamishia Mwanza. Nikafanye nini Mwanza, Felicitas? Nikae sebuleni kwa Aya mkewe nisubiri kuulizwa kama nimekula? Humu ndani ndimo alimofia Hashil, duka hili nimelifungua nilipotoka eda, na watu wote wanaojua nacheka vipi wako mtaa huu. Wakinitoa hapa mie nimekwisha. Hilo nakwambia wewe tu.

Halafu majirani wameshaiona mashine. Barazani kwangu sasa ni foleni. Mtu anakuja kununua sabuni, ananyoosha mkono: "Bi Hayat, na mie nipime kidogo." Nitamnyimaje? Akiomba barafu nampa, akiomba kiberiti nampa, leo aombe kujua kama moyo wake unadunda vizuri nimwambie hii ya kwangu peke yangu? Mie sikulelewa hivyo.

Wasalimie wote huko Kibamba. Vaileth mwambie nimemkumbuka.

Wako,
Hayat


Kibamba
Jumamosi, 11 Mei 2024

Bi Hayat mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, maana mazoea ya ualimu hayaniachi. Umesahau nukta mahali pengi. Nimekusamehe.

Nimefurahi kuuona mwandiko wako. Tangu mwanangu Vaileth anijengee nyumba hii huku juu, nyumba nzuri, yenye vigae, sina mtu wa kuzungumza naye ukutani kama pale Chamazi. Ile miaka yote tuliyopakana ukuta nilidhani unanipigia kelele. Kumbe ulikuwa unanitunza.

Muhannad nimemfundisha mimi mwenyewe darasa la tatu. Ni mtoto mwenye upendo, ila alikuwa na tabia moja: akishaona jibu ubaoni, haangalii tena swali. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Hizo namba za majirani zinakwenda wapi? Simu inajuaje kwamba mkono huu ni wa Hayat na huu ni wa mnunuzi wa sabuni? Waulize waliokuuzia. Na dawa zako unameza? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Wako katika Bwana,
Felicitas


Chamazi
Jumanne, 21 Mei 2024

Mwalimu wangu mkali,

Zinakwenda wapi? Zinakwenda kwa Muhannad, shoga! Zote! Subiri nikuhadithie utapiga kofi.

Yupo Raudha, mke wa fundi mageti wa hapa nyuma, mja mzito, kakaribia. Kaja kununua limau saa mbili kasoro kidogo asubuhi, miguu imevimba, anasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia kaa, nikamfunga kitambaa. Namba zikatoka za kutisha, nyekundu inawakawaka. Kabla sijajua nifanye nini, saa mbili hiyo, daktari wa kwenye programu kapiga: "Mama Hayat, unajisikiaje?" Nikamwambia si mie, ni mja mzito, huyu hapa. Kijana yule hakupoteza muda, Mungu ambariki. Kamuuliza Raudha macho yanaona giza? Kasema ndiyo. Akasema apelekwe hospitali kubwa sasa hivi, asirudi hata kubadilisha nguo. Wakampasua siku hiyo hiyo. Wamesema angechelewa angepata kifafa cha mimba, angekufa yeye na mtoto. Mtoto wa kiume, mzima. Nimembeba. Nimelia kama nimemzaa mie.

Sasa katikati ya hayo Muhannad naye anapiga, anapiga, anapiga. Nilipopokea anafoka kwa woga, kashatafuta tiketi ya ndege, anakuja kunichukua. Nikamwambia si mie, hakusikia. "Mama, namba naziona!" Mwisho nikasema haya, nilikula samaki wa ng'onda jana, chumvi imezidi, nipe siku moja. Kesho yake kabla ya saa mbili Mauwa akawa amekaa hapo. Mauwa ni mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, msusi, binti mwenye afya zake. Kajipima kwa mchezo tu. Kijani kibichi. Muhannad akapiga, sauti imefunguka: "Mama! Umetulia! Nimelala vizuri leo." Felicitas, sikuwa na moyo wa kumwambia. Tangu siku hiyo kila asubuhi Mauwa ananisukia nywele zangu chache hizi, halafu anatoa mkono.

Wa kwangu? Nimepima wa kwangu. Ni nyekundu kila mara. Dawa nameza, ndiyo. Usianze.

Hayat


Kibamba
Jumapili, 26 Mei 2024

Bi Hayat,

Naanza. Nani kakuambia sitaanza?

Kuhusu Raudha, nimemshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani kachungulia. Hiyo mashine imefanya kazi ambayo mimi na wewe tusingeiweza. Lakini umeona ilivyomfaa? Imemfaa kwa sababu ulisema ukweli: "Si mie, ni huyu hapa." Sasa mbona kwako mwenyewe unasema uongo? Unamfundisha daktari kukujua kwa mkono wa msichana wa miaka ishirini. Siku ukiumwa kweli, atakuwa anamtibu Mauwa.

Mwambie Muhannad. Akifoka, mwache afoke, atachoka. Mwambie kwamba hutaki kuhama na kwamba unaumwa, yote mawili kwa pamoja. Si mtoto mdogo.

Nimekasirika kwa sababu nakupenda, na wewe unajua.

Felicitas


Chamazi
Jumatatu, 29 Julai 2024

Shoga,

Nimekaa kimya muda mrefu, na wewe umekaa kimya, tumenuniana kama mabinti. Nimeshindwa mie kwanza.

Nina habari mbili. Ya kwanza, daktari wa programu kanipongeza. Kasema vipimo vyangu ni vizuri kupita watu wa umri wangu, na kanipunguzia dawa. Kile kidonge kikubwa cha jioni kaniondolea kabisa. Mauwa kacheka mpaka kakaa chini, kisha kanitazama akaacha kucheka. Mie nafuu yangu, kidonge kile kilikuwa kinanikojoza usiku kucha.

Ya pili ndiyo inayonikaa kifuani. Muhannad hapigi tena. Zamani kila nyekundu alipiga, tukagombana, nikamwambia ana kichwa kigumu kama cha baba yake, akacheka, tukaishia kuulizana umepika nini. Sasa kijani kinafika saa mbili, naye anaendelea na kazi zake. Nikipiga mie anasema, "Mama, si uko poa? Nimeona. Nitakutafuta jioni." Jioni haifiki. Simlaumu, kazi imembana, na simu inamwambia kila siku mama mzima. Lakini shoga, nilipokuwa mgonjwa nilikuwa na mtoto. Nimepona, mtoto sina.

Miguu inavimba kidogo jioni. Ni kukaa sana dukani.

Usimwambie Muhannad. Kwa mkate tuliogawana mie na wewe miaka yote ile, usimwambie.

Hayat


Kibamba
Ijumaa, 2 Agosti 2024

Mwanangu Muhannad,

Barua hii inakuja na basi kutoka stendi ya Mbezi, ili mama yako asiione kwenye hizo simu zenu zilizounganishwa. Nimeombwa nisikuandikie. Nakuandikia.

Vipimo unavyopata si vya mama yako. Ni vya mpangaji wake, msichana mzima. Mama yako anaogopa ukiona vyake utamhamisha. Kwa vipimo hivyo daktari kampunguzia dawa, na sasa miguu yake inavimba. Mpeleke hospitali akaonwe na daktari wa kumgusa, anayemwona uso. Usimfokee. Na mwahidi mbele ya mtu kwamba hutamhamisha, vinginevyo hatakuambia ukweli hata akiwa anakufa.

Mwalimu wako,
Felicitas


Mwanza
Alhamisi, 8 Agosti 2024

Mwalimu, shikamoo.

Natumaini u mzima. Mimi na Aya tuko salama.

Mwalimu, barua yako ilinishtua, nikampigia mama asubuhi yake, karibu na saa mbili. Alicheka. Alisema majirani wanapima hapo barazani, hilo hakatai, lakini chake cha asubuhi ni chake. Sikuridhika, nikamwambia, "Mama, jipime sasa hivi tukiwa tunaongea, usikate." Nikasikia ile mashine inavuma kabisa. Kipimo kikaingia kwangu, kijani, kizuri kuliko changu mimi. Sasa Mwalimu, niamini nini? Naona kwa macho yangu kila asubuhi. Zamani nilikuwa namwuliza unaumwa, anasema sijambo, kumbe anaumwa. Hii programu ndiyo kitu pekee kilichonipa usingizi.

Najua mnapendana, na najua tangu uhamie Kibamba unampata kwa shida. Labda alikutania. Mama anapenda utani. Likizo yangu ni Desemba, nitakuja, nitampeleka mwenyewe hospitali, na nitapita kukusalimia.

Mwanao,
Muhannad Hashil


Chamazi
Jumatatu, 12 Agosti 2024

Mwalimu Felicitas,

Nilikuomba kitu kimoja.

Umenifanya nikae na simu sikioni, namdanganya mwanangu wa pekee, huku Mauwa kanyoosha mkono, machozi yanamtoka. Nilikuwa nasema uongo wa kimyakimya, wewe umenifanya niuseme kwa mdomo. Angekuja huyo na mabegi, ungenipokea wewe huko kwenye vigae vyako?

Usiniandikie tena.

Hayat binti Nasor


Kibamba
Jumapili, 1 Septemba 2024

Hayat,

Naandika hata kama hutasoma. Umenikataza kuandika, hukunikataza kuomba radhi.

Nisamehe kwa kukuvunjia siri. Kwa kutaka uende hospitali siombi msamaha. Vaileth yuko tayari kunileta na gari siku yoyote, twende pamoja, mimi nitakaa na pochi yako kama siku ile ulipojifungua Muhannad. Mwanza hutakwenda. Akija na mabegi, atanikuta nimekaa mlangoni kwako, na mimi ananiogopa mpaka leo.

Ninaumia. Sijui kusema vizuri zaidi ya hapo.

Felicitas


Chamazi
Ijumaa, 27 Septemba 2024

Felicitas wangu,

Barua yako ilikaa chini ya godoro siku nyingi, nikijifanya sijaifungua. Nimeifungua siku ileile. Nimekusamehe kitambo, kiburi tu kilinizuia.

Sasa nakwambia kweli, maana nimechoka. Nalala nimekaa. Nikilala chali napaliwa, kama kuna maji yanapanda. Viatu haviingii. Kutoka kitandani mpaka dukani napumzika njiani, na unajua hapo ni mlango na mlango. Mauwa kagoma. Kasema hatoi mkono wake tena, hataki kuniua. Kalia, nimelia, tumekubaliana.

Kesho asubuhi napima wangu mwenyewe. Itatoka nyekundu, na ikifika saa mbili Muhannad ataiona, atapiga. Akipiga nitamwambia yote: Mauwa, dawa, miguu, yote. Nitamwambia nipeleke hospitali, na nikipona uniache Chamazi. Hata akinifokea, nimekumbuka kufokewa naye. Nataka nimsikie.

Leo Ijumaa Elinaza kashatoka kazini, nitamwachia mlinzi wa ofisi, Jumatatu utaipata. Wewe njoo wiki ijayo na hiyo pochi. Nitakupikia mkate wa kumimina, na usiniambie sukari.

Wako siku zote,
Hayat


Chamazi
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mwalimu, shikamoo.

Mie ni Mauwa, mpangaji wa Bi Hayat, Mungu amrehemu. Siku ya mazishi uliniuliza jikoni, "Ilikuwaje?" nikakimbilia nje. Nisamehe. Mule ndani walijaa ndugu zake, na Muhannad alikuwa kasimama ukutani. Kwa simu pia siwezi, nikianza nalia. Ndiyo naandika.

Jumamosi ile Bi aliamka mapema, akakaa barazani. Alikuwa anahema. Akajifunga kitambaa mwenyewe, akakataa nimsaidie. Ikatoka nyekundu, Mwalimu, namba ambazo sijawahi kuziona hata kwa Raudha. Nikamwambia Bi, twende hospitali sasa hivi, naita bajaji. Akasema, "Ngoja. Saa mbili Muhannad atapiga." Nikamwambia basi tumpigie sie. Akasema, "Hapana. Nataka apige mwenyewe." Simu akaiweka mapajani, akajifuta uso, akaweka mtandio vizuri, utadhani huyo mtoto atamwona.

Basi akaja mama Hamisa kununua mkate. Ile kawaida yake, hata hakuangalia mtu, akakaa, akajifunga kitambaa. Alikuwaga anapima kila akija. Mie nilikuwa ndani natafuta viatu vya Bi. Natoka nakuta mashine inamalizia kuvuma. Kijani. Nikapiga kelele, mama Hamisa akashtuka, hajui kafanya nini. Bi akanitazama tu. Alimkatia mama Hamisa mkate, akamwambia awasalimie watoto. Nikataka ajipime tena haraka, kitambaa hakikushika, nikakifungua nikakifunga upya, na saa mbili ikapita.

Alisubiri. Nikaita bajaji kwa nguvu, hakutaka kupanda. Kila nikimsogelea ananionyesha kidole, ngoja. Baadaye akasema, "Labda yuko kwenye kikao." Halafu akaniegemea. Tulipofika hospitali walisema tumechelewa, walisema moyo ulikuwa umejaa maji muda mrefu.

Nilitoa mkono wangu miezi yote ile, Mwalimu. Nilidhani namsaidia asihamishwe. Sina wa kumwambia isipokuwa wewe. Sijamwambia Muhannad, hajaniuliza bado.

Mauwa


Mwanza
Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Mwalimu, shikamoo.

Nilikuona msibani, nikashindwa kuja kukupa mkono. Uliniambia, tena kwa maandishi, nikakujibu kwamba unamwonea mama wivu. Sikuandika neno hilo, lakini ndilo nililomaanisha.

Simu ya mama nimekuja nayo huku. Juzi nilifungua ile programu ndani kabisa, mahali ambapo sikuwahi kufungua, maana mimi nilikuwa naangalia ile rangi ya saa mbili tu. Kila kipimo kimo, na saa yake. Ni mikono ya mtaa mzima, Mwalimu. Nimekaa nayo usiku na mchana natafuta upi ni wa mama yangu, na siujui.

Jumamosi ile kuna vipimo viwili kabla ya saa mbili. Cha kwanza chekundu, kibaya sana. Cha pili, muda mfupi baadaye, kijani. Mimi nililetewa kile cha kijani. Nilikiona nikiwa nakunywa chai. Nikasema afadhali, nikaingia kwenye kikao, simu nikaizima.

Nakuomba unisaidie kitu kimoja. Kipi kilikuwa chake? Kama cha kijani ndicho chake, basi ilikuwa amri ya Mungu, imekuja ghafla, nitavumilia. Kama ni kile chekundu, basi alikuwa ananiita, alikaa ananisubiri, na mimi nakunywa chai. Chakula hakipiti. Aya anaogopa kuniacha peke yangu ndani, na anayo sababu. Mashine nimeiagiza iletwe huku niivunjevunje kwa mikono yangu.

Yule Mauwa alikuwepo, lakini namwogopa. Muulize wewe. Je, mama alikuwa ananisubiri?

Muhannad


Kibamba
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Mauwa, binti yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa na barua ya mwisho ya Hayat. Elinaza aliniletea ile Jumatatu, tumeshamzika. Kwa hiyo uliyoniandikia nilikuwa najua nusu yake, na nusu nyingine ndiyo imenivunja.

Sikiliza. Wewe ulimpenda. Mkono uliutoa kwa kuombwa, na ulipoona hatari uliukataa, kitu ambacho sisi watu wazima tulishindwa. Mama Hamisa naye asijue kamwe. Mtu aliyekuja kununua mkate asibebeshwe maiti.

Muhannad ameuliza kipi kilikuwa cha mama yake. Nimefundisha maisha yangu yote, na watoto nimewachapa kwa uongo kuliko kwa kosa lolote. Hayat mwenyewe nilimgombeza kwa uongo mpaka tukakosana, tukapoteza siku ambazo hatukujua zimebaki chache. Leo nakuomba wewe uongo. Nimekaa tangu misa ya kwanza natafuta njia nyingine na sikuipata. Huyo kijana nimempima kwa maneno yake, yuko kwenye ukingo, na mimi sitamsukuma.

Karatasi ya pili humu ni nakala ya ninayomwandikia. Isome mpaka uishike kichwani, halafu ichome, na hii pia uichome. Akikuuliza leo, akikuuliza ukiwa mzee, jibu ni hilohilo.

Felicitas


Kibamba
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Mwanangu Muhannad,

Mashine usiivunje. Raudha na mwanawe wanapumua kwa sababu ya hiyo mashine na yule daktari wa kwenye simu, na mama yako alijivunia jambo hilo kuliko duka lake. Iache Chamazi, imilikiwe na Mauwa, ila jina la mama yako lifutwe humo na kila anayepima aandikwe kwa jina lake. Kifaa kile kinajua mkono, hakijui mtu. Kumjua mtu ilikuwa kazi yetu, na nasema yetu, mimi nikiwemo.

Sasa swali lako. Nimemuuliza Mauwa, alikuwepo mwanzo mpaka mwisho. Kile chekundu kilikuwa cha mteja, mwanamume mnene aliyekuja kununua vocha akitokea upande wa uwanjani. Hakuna anayemjua jina. Mama yako alimwambia akimbilie hospitali, na natumaini alimsikia.

Cha pili, kile cha kijani, ndicho cha mama yako. Alijipima mwenyewe siku hiyo, akafurahi, akamwonyesha Mauwa. Akafungua duka, akamkatia mtu mkate. Ilimjia ghafla. Hata ungekuwa umekaa naye barazani usingewahi.

Rudi mezani, ule. Umtii Aya.

Wala hakuwa anasubiri simu ya mtu, mwanangu. Mauwa anasema alikuwa anamenya vitunguu.

Mwalimu wako,
Felicitas